Darasa Moja, Walimu Wanne

Kila mwaka ifikapo Julai, wenye nyumba wa Mwanga, Gungu na Katubuka mjini Kigoma hupata wapangaji wa miezi miwili. Wanashuka kwenye treni ya reli ya kati au kwenye mabasi ya Tabora, Mwanza na Dodoma, na begi la nguo, jiko dogo la gesi, na bahasha yenye barua ya chuo kwa mkuu wa shule. Ni wanachuo wa ualimu. Kwenye makaratasi safari yao inaitwa mafunzo ya ufundishaji kwa vitendo. Ofisini kwa walimu kila mtu anasema BTP, kifupi chake cha Kiingereza, na kwa wazazi mtoto yuko fildi. Wanafunzi hawahitaji kutangaziwa mstarini. Wakiona shati limenyooshwa kupita kiasi na andalio la somo limebanwa kwapani, wanajua huyu ni mwalimu wa fildi, na kwamba kabla ya mitihani ya kufunga mwaka atakuwa ameshaondoka.

Utaratibu wenyewe hauna mafumbo. Mwanachuo wa stashahada au wa shahada hupelekwa shuleni kwa wiki nane hivi, na kabla hajahitimu hurudi tena angalau mara moja, kutegemea chuo chake. Anapewa vipindi katika masomo yake mawili ya kufundishia. Anaandika azimio la kazi, anashika zamu, anasahihisha madaftari. Mwenye mkopo ana fungu la Bodi ya Mikopo kwa ajili ya kipindi hiki. Asiye nao anategemea nyumbani. Katikati ya wiki hizo chuo humtuma mkufunzi au mhadhiri aje kumtazama akifundisha, mara chache tu, na kumjazia fomu ya alama. Wanachuo humwita supavaiza, na habari zake humtangulia: akionekana Kasulu leo, usiku huohuo Kigoma nzima inapiga pasi. Kasulu kuna vyuo viwili vya ualimu vya serikali, Kasulu chenyewe na Kabanga, lakini wengi wa wanaofika mjini hutoka mbali zaidi, vyuo vikuu vya Dodoma, Dar es Salaam, Iringa na Mwanza.

Shule za Manispaa ya Kigoma Ujiji hupokea wanachuo wengi kuliko vipindi zilivyonavyo, na sababu yake ni usafiri. Mhadhiri mwenye vijana thelathini wa kutazama kwa wiki mbili hawezi kupanda mtumbwi wa injini kwenda Mwamgongo na Kagunga upande wa kaskazini, kisha ashuke kusini hadi Buhingu na Kalya, akimsubiri nahodha aamue kama upepo unaruhusu. Julai na Agosti ndiyo miezi ambayo upepo wa kusini hulichafua ziwa. Kwa hiyo chuo hukipanga kikosi chake palipo na lami, na shule ya kijijini yenye walimu watano kwa madarasa saba haipati hata mmoja. Wanachuo nao hawalalamiki. Mjini kuna umeme wa uhakika, kuna mtandao, na kuna mahali pa kutolea nakala za andalio.

Mjini nako mgawanyo si sawa. Wanaokuja wengi ni wa Kiswahili, Historia na Jiografia. Wa Fizikia na Hisabati, masomo ambayo shule nyingi zinayalilia, huja mmojammoja. Halafu kuna madarasa ya mtihani ambayo wakuu wa shule hawayaachii mikononi mwa mgeni: darasa la saba wana mtihani Septemba, kidato cha pili na cha nne wana wa kwao Novemba. Kinachobaki kwa sekondari ni kidato cha kwanza na cha tatu. Hesabu hiyo ikifungwa, unakuta mkondo mmoja wa kidato cha kwanza una wanachuo wanne wa Jiografia wanaogawana vipindi kidogo kidogo. Mmoja anafundisha Jumanne, mwingine Alhamisi, na wawili wamekaa chini ya mwembe wakisubiri zamu yao na kuchati.

Jambo hili hutajwa kama kero. Mimi, ambaye kazi yangu imenifanya nikae nyuma ya madarasa mengi ya namna hiyo, nimefikia kuliona kama mali ambayo shule za mjini zinaichezea.

Tuanze na mwenye somo, yaani mwalimu wa kudumu ambaye mwanachuo anashika vipindi vyake. Kwa mujibu wa taratibu za vyuo, yeye ndiye mlezi: akae darasani siku za mwanzo, asome andalio, arekebishe, arudi kila baada ya muda. Kwa kawaida anamkabidhi kijana chaki na kitabu cha kiada siku ya pili, anamwonyesha darasa lilipo, na hawaonani tena hadi fomu za kusaini zitakapoletwa. Simlaumu sana. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016 idadi ya watoto imepanda haraka kuliko ajira za walimu. Uwiano unaokusudiwa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na wapo walimu Kigoma ambao wangelia machozi ya furaha kuupata. Mtu aliyebeba vipindi thelathini kwa wiki, akaletewa msaidizi wa bure Julai, atapumzika. Mwingine anasoma Chuo Kikuu Huria, mwingine ana mzigo wa dagaa mwaloni Kibirizi unaomsubiri. Mkuu wa shule naye anaridhika kwamba kila darasa lina mtu mbele.

Tatizo ni kwamba mtu hajifunzi kufundisha kwa kufundisha peke yake. Nchi hii ina ushahidi wa kutosha juu ya hilo, maana imejaribu mara tatu kuwatengeneza walimu kwa kuwatumbukiza darasani.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani. Walimu hawakuwepo, kwa hiyo kuanzia 1976 vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa vijijini, wakawa wanafundisha saa chache kwa siku na kujisomea saa zilizobaki, kwa masomo ya posta, kwa redio, na kwa mkufunzi wa kata aliyepita kuwaona. Hao ndio walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote, makumi ya maelfu yao, na jina hilo baadaye likawa tusi. Mwaka 2002 ulipoanza MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, kozi ya ualimu ya Daraja A ikagawanywa: mwaka mmoja chuoni, mwaka wa pili shuleni. Miaka michache baadaye shule za kata zilipochipuka kila pembe, wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya takribani mwezi mmoja na leseni ya kufundishia. Wananchi, ambao hawakosi jina, wakawabatiza "voda fasta", kwa huduma ya kuongeza salio kwenye simu iliyokuwa mpya wakati ule.

Kuwacheka wote hao kwa pamoja ni kukosa kuangalia. Nimewajua walimu wa UPE waliofundisha darasa la kwanza kusoma na kuandika kwa ustadi ambao wenye shahada wangeutamani, na nimewajua waliostaafu bila kujua kushika darasa. Ukiwauliza miaka yao ya mwanzo, mara nyingi tofauti huwa ileile: wa kwanza aliangukia shule yenye mwalimu mkuu aliyekuwa akiingia darasani mwake na kukaa, au mkufunzi wa kata aliyefika kweli. Wa pili alikuwa peke yake. Wote walipata vitendo, ila mmoja wao alipata pia mtu wa kumwona.

Mtu wa kukuona ana kazi gani hasa? Mwaka mmoja nilikaa nyuma ya kidato cha kwanza katika shule ambayo madirisha yake yanatazama ziwa. Mwanachuo alikuwa akifundisha maziwa ya bonde la ufa. Alikuwa amejiandaa: karatasi ya manila ukutani, bonde limechorwa kwa markapeni nyekundu, mishale ya kuonyesha tabaka za dunia zikivutana. Aliuliza kwa Kiingereza ziwa la namna hii linatokeaje. Kimya. Akauliza tena polepole zaidi. Kimya kilekile, isipokuwa msichana wa dawati la mbele aliyesoma jibu kutoka kwenye daftari la dada yake. Kijana akalisifu jibu, akaliandika ubaoni, akaendelea. Dakika arobaini zote hakugeuka hata mara moja kulitazama Ziwa Tanganyika, lililokuwa liking'aa nyuma ya mgongo wake.

Wakati wa mapumziko niliwauliza wanafunzi wawili watatu kwa Kiswahili ziwa lao lina kina gani. Mmoja, ambaye kwao ni Kibirizi, akanieleza kwa nini wavuvi hawahangaiki kushusha nyavu chini sana: huko chini hakuna samaki. Yuko sahihi kabisa. Maji ya Tanganyika hayachanganyiki hadi chini, na ukishapita mita mia moja hadi mia mbili hivi oksijeni imekwisha. Kina kikubwa zaidi cha ziwa ni mita 1,470, cha pili duniani baada ya Baikal, na uso wake uko takribani mita 770 juu ya usawa wa bahari. Piga hesabu: sehemu ya chini kabisa ya sakafu ya ziwa iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari ya Dar es Salaam. Hakuna mto unaoweza kuchimba shimo la namna hiyo. Lazima ardhi yenyewe ilipasuka na kuzama. Swali hilo moja lingetosha kipindi kizima, na nusu ya jibu ilikuwa tayari kichwani mwa mtoto wa dawati la nyuma.

Yule mwanachuo alipoketi nami alinieleza jambo lililonikaa zaidi. Jana yake, nisipokuwepo, alichanganya Kiswahili na Kiingereza, watoto wakacheka, wakabishana, wakaelewa. Leo kwa kuwa mgeni wa chuo yupo, alifuata lugha rasmi ya kufundishia sekondari, na darasa likawa bubu. Alama nilizompa zilikuwa za somo ambalo si lake. Hii ndiyo kasoro ya tathmini ya ghafla: anayekuja mara mbili anaona maonyesho mawili. Kuna hata wanaorudia mada ya wiki iliyopita siku ya supavaiza, na watoto, kwa upendo, hunyoosha mikono wote.

Makaratasi nayo yamejifunza kucheza mchezo huo. Andalio ambalo kizazi kizima cha walimu kimelifahamu lilikuwa na hatua zake, utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri, hitimisho, kila moja na dakika zake. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umekuja na sura mpya ya andalio, lakini tabia haijabadilika. Chini kabisa pana nafasi ya tathmini, ambayo mwalimu anapaswa kuijaza akitoka darasani. Fungua faili la mwanachuo saa mbili asubuhi kabla ya kengele, utakuta imeshajazwa: wanafunzi wengi wameelewa somo. Imeandikwa jana usiku, kwa kalamu ileile, pamoja na kichwa cha somo. Sidhani ni uongo wa makusudi. Ni kwamba hakuna aliyewahi kumwambia kitu kingine cha kuandika pale.

Mwanasosholojia wa Marekani Dan Lortie, katika kitabu chake cha 1975 juu ya maisha ya walimu, alieleza kwa nini ualimu ni kazi ngumu kubadilika: kila anayeuingia ameshautazama kwa maelfu ya saa akiwa dawatini. Kwa mfumo wetu mwanachuo wa shahada amekaa dawatini miaka kumi na mitatu, saba ya msingi, minne na miwili ya sekondari. Alimwona mwalimu akiandika ubaoni na akipiga. Hakumwona akiandaa, wala hakujua kwa nini alimwita Juma akamwacha Asha. Mihadhara ya chuo haiwezi kuishinda miaka hiyo. Akibanwa darasani na watoto sabini, mwanachuo hurudi kwa mwalimu aliyemfundisha yeye.

Fimbo ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Kanuni za adhabu ya viboko za 2002 zinasema fimbo zisizidi nne, zitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na ziandikwe kitabuni. Mwanachuo wa fildi hana ruhusa hiyo. Oktoba 2016 video ilisambaa nchi nzima ikiwaonyesha walimu wanafunzi wakimshambulia mwanafunzi wa kidato cha tatu katika sekondari ya Mbeya Day, na serikali ikatangaza kuwafukuza vyuo. Ilikuwa haki. Ila baada ya hasira kupoa, wachache waliuliza ni mwalimu gani wa kudumu alikuwa na jukumu la kuwa karibu na vijana wale wiki ile.

Turudi chini ya mwembe, kwa wale wanachuo wawili wanaochati. Shule ya Kagunga haina macho ya ziada, lakini shule ya Ujiji inayo, yamekaa bure. Wanachuo wanne wa Jiografia kwenye mkondo mmoja maana yake ni kwamba kila kipindi kinaweza kuwa na mmoja mbele na angalau mmoja nyuma, bila kumwongezea mwenye somo saa hata moja. Huko Japani walimu wa shule za msingi wana desturi ya zaidi ya karne, jugyō kenkyū: wanaandaa somo pamoja, mmoja analifundisha, wengine wanasimama kando ya darasa wakiwatazama watoto, kisha wanaketi kulichambua somo. Mpango wetu wa MEWAKA, wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, nao unataka walimu wa shule moja wakutane katika jumuiya za ujifunzaji. Na Ujiji yenyewe haikuhitaji kufundishwa na Tokyo. Katika vyuo vya Kurani vya mji ule, kama ilivyokuwa pwani nzima, mwanafunzi aliyetangulia ndiye aliyewasomesha wadogo herufi, huku mwalimu ameketi palepale akisikiliza kwa sikio moja. Mdogo akikosea irabu, mkubwa alirekebishwa mbele yake. Uzuri au ubaya wa fimbo za huko ni mada nyingine. Mpangilio wa nani amekaa wapi ulikuwa wa busara.

Kutazama nako kuna ufundi wake, na hapa wanachuo wengi hukosea wakiachwa wenyewe. Ukimwambia mtu amtazame mwenzake, atarudi na maoni juu ya sauti na mwandiko wa ubaoni, yaani juu ya mwalimu. Mpe kazi ya kuwatazama watoto. Achore madawati kwenye ukurasa wa daftari, safu kwa safu, na kila mtoto anapoulizwa au anapouliza aweke alama kwenye dawati lake. Kipindi kikiisha, ukurasa huo hauhitaji mhadhara. Mara nyingi alama zote zimejazana mbele upande mmoja, na safu mbili za nyuma, ambako ndiko walikokaa watoto wanaokosa shule dagaa wakipanda, ni tupu. Nimewaona wanachuo wakiukodolea macho ukurasa wa namna hiyo bila kusema neno. Kipindi kilichofuata walihama ubaoni.

Vikwazo vipo. Kikubwa ni kwamba wanachuo hao wanne wanashindania alama, na wengine wanatoka vyuo tofauti, kwa hiyo kumwonyesha mwenzako udhaifu wako ni kujiuza. Dawa yake iko vyuoni: fomu ya supavaiza iache nafasi ya kusoma daftari la kutazamana, na alama zitolewe kwa kilichoandikwa humo na kwa kilichobadilika kipindi cha pili, si kwa idadi ya makosa. Mwenye somo naye aombwe kidogo ili atoe: vipindi viwili vya kukaa nyuma wiki ya kwanza, na nusu saa Ijumaa. Ukimwomba awe mlezi kila siku atasaini fomu zote bila kuzisoma, kama anavyofanya sasa.

Kalenda ya vyuo vikuu ni ngumu zaidi kuigusa, kwa sababu Julai imepangwa na mihula yao, si na mahitaji ya Kigoma. Ila ratiba ya shule iko mikononi mwa mwalimu wa taaluma, na hiyo hubandikwa upya kila muhula kwenye ukuta wa ofisi. Pale ambapo sasa kila kipindi cha kidato cha kwanza kina jina moja la mwanachuo, anaweza kuandika mawili: la atakayefundisha, na pembeni yake, la atakayekaa nyuma na daftari.